Jino Moja la Mguu wa Nne

Kwanza mjue hivi: mimi sikukizima kile kidude. Kilijizima chenyewe, mbele ya macho yangu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kikiwa kimebakiza hatua moja kuingia kwenye upenyo. Kilisimama, kikatikisa kichwa chake cha plastiki, kisha kikaikunja miguu yote sita tumboni kama mende aliyepuliziwa dawa. Kwenye simu yangu, niliyokuwa nakiendeshea kwa waya, yakatokea maandishi ya kistaarabu kabisa: Siku zako tisini zimekwisha. Bonyeza KUBALI tuendelee kutembea pamoja.

Kutembea pamoja! Nilitoa tusi ambalo marehemu mama angelisikia angenichapa na ukubwa wangu huu.

Nyuma ya upenyo ule walikuwa watu wawili. Mmoja kaka yangu Luhende, tumbo moja, ziwa moja. Mwingine Sitta, mtoto pekee wa Mama Kwandu, mwenye duara, yaani shimo hilo la kuchimbia. Matimba ya kushikilia dari yalikatika asubuhi na mapema, mwamba ukashuka, njia ikazibwa na kifusi cha kama mita kumi na nne. Wanaume walikuwa wanakichota kwa ndoo, lakini kila wakitoa mbili zinashuka tatu. Juu kabisa ya kifusi ndipo palipobaki upenyo, mwembamba, ndoo ndogo haipiti. Mtu hapiti. Buibui wangu anapita.

Najua, buibui ana miguu minane na huyu ana sita. Nani anahesabu? Kilima chote cha Nyamtondo kinamwita buibui, na mimi fundi wake, Nyamizi, nimeacha kubishana.

Kazi yake ilikuwa moja tu: avute mpira mwembamba wa hewa mpaka upande wa pili. Basi. Mpira ukifika, tunawasha kompresa, watu wanapumua, kifusi kinachotwa taratibu hata siku mbili. Tulikuwa tunawasikia wakigonga jiwe kule ndani. Mbili, kimya, mbili. Wachimbaji wazee walikadiria hewa ingewatosha mpaka saa tano, kama hawasemi sana. Mashati yao mawili yalining'inia kwenye misumari mdomoni mwa duara, maana hiyo ndiyo desturi yetu. Ukishuka unatundika shati, ukipanda unalivaa. Hakuna anayeuliza nani yuko chini. Watu wanatazama misumari.

*

Acha niwaeleze kidude chenyewe, maana watu wa mjini wanadhani nilikuwa na mashine ya maana.

Kilikuwa cha kuchezea. Kampuni ya Tambua ilikuwa inakiuza kwenye boksi, vipande vipande, kwa wanafunzi na watu wenye muda wa kupoteza. Ndani unakuta mabamba ya plastiki, mfuko wa skrubu ambazo daima zinapungua mbili, na mota kumi na nane, tatu kwa kila mguu: moja ya kupeleka mguu mbele na nyuma, moja ya kuunyanyua, moja ya unyayo. Mota zenyewe takataka. Meno yake ya ndani ni ya plastiki, ukikitembeza wiki mbili kwenye kokoto yanakuwa unga. Kwa hiyo mtu mwenye akili anafanya nilivyofanya mimi: anang'oa mota zote, anaweka za meno ya chuma, anabadilisha betri, anavisha nyayo vipande vya tairi la baiskeli. Ukimaliza, kile kitoto cha plastiki kinapanda mawe na kuvuta mzigo wa kilo mbili.

Katika kuunda buibui kuna jambo moja ambalo nimelihubiri mpaka koo likauma. Mota ina mhimili wenye meno madogo madogo, na juu yake unapachika kikono kinachobeba mguu. Kabla hujapachika, lazima uizungushe mota isimame katikati kabisa. Ukipachika bila kuiweka kati, hata ukikosea jino moja, mguu unakaa upande. Kwa macho huoni. Kinatembea vizuri mezani, ukikileta kwenye mawe kinajikwaa. Nimefundisha darasa zima pale kibandani kwangu, kila mwanafunzi na visanduku vyake viwili vya kuwekea mota kati, vile vyenye swichi ya kuzungusha kama ya sauti ya redio. Tulivibatiza jina hilohilo, redio. Mtu akipachika kikono kabla ya redio, nilikuwa namfukuza darasani siku hiyo. Kwa mdomo wangu huu.

Sasa mota na plastiki si kitu. Biashara ya Tambua ilikuwa kwenye ubongo, kile kibao cha kijani mgongoni. Ubongo ulijifunza ardhi. Kila unyayo ulipogusa chini, uliandika: hapa jiwe, hapa udongo, hapa pana shimo, hapa mwamba mgumu umeinama hivi. Hatua elfu kumi, una ramani. Na ubongo ukishika mtandao, ramani inakwenda kwa Tambua. Sheria ya ramani ilikuwa na miaka mitatu wakati huo: anayewasilisha ramani ya kwanza ya chini ya ardhi ndiye wa kwanza kwenye foleni ya leseni. Sheria ya watu wenye viti vya kuzunguka.

Waulizeni watu wa Isunga, kilima cha pili kutoka kwetu. Walinunua buibui wanne, wakabonyeza KUBALI huku wanacheka, wakapeleka vidude vyao kukagua matimba. Miezi mitano baadaye kulikuwa na uzio, geti, na mlinzi mwenye mbwa. Wachimbaji wa Isunga sasa wanauza mahindi ya kuchoma nje ya geti lile.

Ndiyo maana wangu nilimkata antena siku ya kwanza, nikawa namwendesha kwa waya wa simu. Kwa siku themanini na tisa nikamtembeza kila njia ya Nyamtondo, matimba yote, maduara yote kumi na moja. Ameokoa watu, si mara moja. Nikajiona mjanja. Kumbe mle ndani mlikuwa na saa inayohesabu siku, na ikifika tisini bila kuongea na Tambua, kidude kinajikunja. Na kumbukumbu ya kilima kizima imo mgongoni mwake, huwezi kuifuta bila ruhusa yao.

Nikibonyeza, anatembea. Nikibonyeza, Nyamtondo nzima imeondoka, watu mia tatu na jasho lao.

*

Nilipiga simu Tambua, nikaweka sauti ya juu ili mikono ibaki huru, maana wakati wa kujikunja mota ya mguu wa nne ilikwaruza na kufa. Ilibidi niibadilishe palepale, nimechuchumaa kwenye vumbi, tochi kichwani.

"Karibu Tambua, unaongea na Rwegoshora, nikusaidie nini leo?" Sauti laini, ya mtu aliyekunywa chai.

"Nina watu wawili wamefukiwa. Kifungue kidude changu sasa hivi, ramani tutaongea kesho."

"Pole sana, dada. Ni rahisi tu. Unabonyeza kubali, sekunde arobaini kinaamka."

"Na ramani?"

"Ramani ni sehemu ya huduma, dada."

"Nimekwambia kuna watu chini ya mwamba! Wewe una ndugu?"

"Nakuelewa kabisa. Ila naona pia kwenye taarifa ya simu yako kwamba umeweka mota zisizo zetu. Tutasamehe hilo kwa leo."

Watasamehe! Nilimwambia Rwegoshora mambo ya kwao na ya ukoo wake, huku mkono wangu wa kulia unapachika kikono, unakaza skrubu, unapachika mguu. Akajibu kwa upole kwamba simu zinarekodiwa. Nikamkatia.

Nilipogeuka, Mama Kwandu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama wa miaka sitini na kitu, mikono yake imekomaa kwa miaka ya kugonga mawe kabla hajawa mwenye duara. Alikuwa amesikia yote.

"Bonyeza, mwanangu," alisema.

"Mama, ni kilima chote. Ni duara lako. Ni watu mia tatu."

"Mimi nina mmoja."

"Hata mimi nina mmoja, Mama! Luhende yumo humo humo!"

"Basi bonyeza."

Wanaume waliokuwa wanachota waliacha ndoo zao. Walitazama chini, na mimi nilijua kila mmoja anawaza watoto wake na uzio wa Isunga, na kila mmoja anaona haya kuwaza hivyo. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo. Nawaambia ukweli, nusu ya kilichonizuia ilikuwa wale watu mia tatu. Nusu nyingine ilikuwa ile sauti ya chai. Sikutaka ishinde. Sikutaka kabisa.

Ndipo wazo likaja. Mota hazihitaji ubongo. Mota inahitaji betri na mtu wa kuzungusha redio. Kibandani nilikuwa na redio kumi na mbili za darasa na roli mbili za waya wa mtandao wa kompyuta. Ubongo ung'olewe, kila mguu upewe mtu huku nje mwishoni mwa waya, mkono wake mmoja unanyanyua, mwingine unapeleka. Nyayo nitazifunga kwa binding waya, ule mwembamba wa kufungia nondo, zikae zimenyooka.

"Nipe robo saa," nilimwambia Mama Kwandu. "Robo saa tu. Nitamtembeza bila wao."

Alinitazama. "Bonyeza, Nyamizi," alisema tena, safari hii kwa jina.

Nikatia simu mfukoni na kukimbia.

*

Haikuwa robo saa. Waya peke yake ulinila nusu saa, kuchuna, kusokota, kufunga tepu, huku kule ndani wanagonga mbili, kimya, mbili. Saa nne kasoro nilikuwa nimewakalisha wanawake sita kwenye mduara mdomoni mwa duara, kila mmoja na redio mbili mapajani. Niliwachagua wagonga mawe kwa makusudi. Wale huketi sita kwenye jiwe moja kubwa. Nyundo tatu zinashuka, tatu zinapanda, na tangu asubuhi hadi jioni hakuna anayepigwa kidole. Buibui naye anatembea hivyohivyo. Miguu mitatu chini, mitatu hewani, kisha wanabadilishana. Sikuhitaji kuwafundisha mwendo. Niliwaonyesha swichi tu.

Kwenye mguu wa nne alikaa Mama Kwandu. Nilitaka kumpumzisha, akanisukuma kwa kiwiko.

"Hee!" akaita Tabu, mnene, mwenye sauti ya kuongoza kazi. Mikono mitatu ikazungusha. "Haa!" Mitatu mingine. Na kule ndani, nilikochuchumaa mbele ya kifusi, kwenye mwanga wa tochi yangu, kidude kisicho na akili kikanyanyua miguu mitatu, kikaiweka mbele, kikaingia kwenye upenyo kikivuta mpira. Wanaume walipiga yowe. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Nilisema kwa sauti, "Rwegoshora, kaa na chai yako!"

Mpira niliufunga fundo kila mita. Fundo la kwanza likapita vidoleni mwangu, la pili, la tano. Hee, haa. La saba. La nane. Upande wa pili kugonga jiwe kukakoma, nikadhani wanasikiliza.

Kwenye la tisa mpira ukasimama.

"Kimekwama!" nilipiga kelele nje. "Rudini kidogo! Mbele tena!"

Wakarudi, wakaenda. Mpira ukajongea nusu shibiri, ukanyooka, ukasimama. Nilikuwa nasikia kwa mbali mguu mmoja ukikwangua, krr, krr, ukigonga jiwe badala ya kulivuka.

"Nani hanyanyui?" Tabu aliuliza nje. "Kuna mtu anachelewa! Mama Kwandu, wewe! Nyanyua mguu wako!"

"Nanyanyua."

"Unachelewa, Mama! Utatuulia watu!"

"Nanyanyua, jamani, nanyanyua!"

Nikakamata mpira nikamvuta buibui arudi, mita tisa zote, pole pole usije ukakatika. Alipotoka nilimgeuza tumbo juu chini ya tochi. Na nikaona. Kikono cha mguu wa nne. Nilikuwa nimekipachika bila redio, bila kuweka mota kati, wakati natukana watu kwenye simu. Jino moja. Mama Kwandu alikuwa ananyanyua mpaka mwisho wa swichi, na mguu ulikuwa unapanda nusu.

Nikafungua skrubu, nikaweka mota kati, nikapachika upya, nikakaza. Kwa haraka zangu skrubu ikanianguka mara mbili kwenye vumbi. Nje nilimsikia Tabu akimwambia Mama Kwandu ampishe mtu mwingine, na Mama Kwandu akijibu kwa sauti ya chini kwamba mkono wake utafanya vizuri sasa, ameelewa, wamwache. Nilisikia yote hayo. Sikusema kitu. Nikajiambia hakuna muda wa kueleza.

"Twende tena!" niliita.

Hee, haa. Safari hii alikwenda kama maji. Tisa, kumi, kumi na mbili. Fundo la kumi na nne lilinitoka mkononi kwa nguvu, nikajua kuna mtu ameushika mpira upande wa pili. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Hata saa tano ilikuwa haijafika.

*

Kabla ya kuwasha kompresa nilitia sikio kwenye mpira. Mama Kwandu alikuwa ameshatupa redio zake, amekuja mbio, amepiga magoti pembeni yangu, sikio lake karibu na langu.

"Luhende!" niliita. "Luhende, tuko hapa!"

Kukawa na mkwaruzo, kisha pumzi. "Nyamizi." Ilikuwa sauti yake, kavu, kama ya mtu aliyekula majivu. "Washa hewa."

"Sitta yuko vipi?"

Alikohoa vumbi kwanza.

"Jiwe lilimpiga kifuani tangu mwanzo," alisema. "Lakini alikuwa anaongea. Tulikuwa tunasikia miguu inakuja. Ananihesabia hatua. Anasema, kinakuja, kaka, hicho kinakuja. Kisha kikaanza kurudi." Akavuta pumzi. "Kiliporudi ndipo akanyamaza. Bado wa moto, Nyamizi. Nimemshika hapa, bado wa moto."

Mtu akawasha kompresa. Mpira ukajaa, ukatulia.

Mama Kwandu hakupiga ukelele. Alibaki amepiga magoti, akiitazama mikono yake kwenye mwanga wa tochi, akiifumba na kuifumbua.

"Ni huu," alisema, akinyanyua wa kulia. "Wamenifokea ninyanyue. Nilikuwa nanyanyua, Nyamizi, lakini umri huu... Mkono umechelewa."

Na kusema au kutosema kulikuwa kwangu peke yangu. Tabu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kinywani, anaamini ni mkono. Wanaume wanaamini ni mkono. Ningeweza kunyamaza mpaka naingia kaburini. Ningeweza kusema ni Tambua, na nusu yake ingekuwa kweli, na watu wangenishangilia, fundi aliyekataa kubonyeza, fundi aliyelinda kilima. Hasira niliyokuwa nayo kwa Rwegoshora ilikuwa bado imo kifuani, inawaka, na nilitamani sana kuimwaga kwake yote.

"Si mkono wako, Mama," nilisema.

"Ndiyo wenyewe. Mimi najua."

"Si mkono! Ni mimi. Nilipachika mguu wako vibaya. Nilikuwa nagombana kwenye simu, sikuweka mota kati. Jino moja. Ulikuwa unanyanyua sawasawa, mguu ndio haukupanda. Niliona nilipokitoa, na nikakuacha ufokewe."

Akageuka kunitazama. Sikuyakwepa macho yake, hilo tu ndilo nililoweza.

"Nilikwambia bonyeza," alisema.

"Ulisema."

"Mara tatu."

"Mara tatu, Mama."

Akanishika bega, si kwa wema wala kwa ubaya, alikuwa anataka kuinukia tu. Magoti yalimlia. Akatoka mpaka kwenye misumari, akalitungua shati la Sitta, lile la mistari ya buluu lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine, akalikung'uta vumbi, akalivaa juu ya gauni lake. Lilimfika mapajani. Shati la Luhende likabaki peke yake pale msumarini.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nilidhani ni mtu wa kijiji. Walikuwa Tambua: Bado tunakusubiri. KUBALI. Nikainyanyua ili niivunje kwenye mwamba, na wallahi ningeivunja, lakini Mama Kwandu aligeuka pale mlangoni.

"Usiivunje," alisema. "Itunze ramani yako hiyo. Itunze vizuri. Nimeilipia."

Akarudi ndani, akapiga magoti mbele ya kifusi, akaokota ndoo, akaanza kuchota kifusi kwa mikono. Wanawake wakamfuata. Nami nikaingia mstarini, nyuma yake, nikapokea ndoo.